Vile garaji ndogo zinaweza kuungana zipate pesa ya serikali ya kufunza mafundi

Watu wameniuliza hii kitu sana tangu tumalize ile wiki ya kufunzana kuskani magari (kusoma shida ya gari kwa mashine ya kompyuta) hapa Kisumu, kuna mama wa Nakuru ako na karakana ya kushona, kuna kijana wa Kakamega wa kuchomelea vyuma, na kujibu mmoja mmoja kwa simu nimechoka kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Mimi ni katibu tu wa kikundi, si wakili na si ofisa wa serikali, niko na garaji ya mafundi saba upande wa Kibuye. Haya nayajua juu tumeyafanya mara mbili, ya kwanza tukaharibu, ya pili ndio ikaingia.

Kabla ya hatua yoyote, toa kwa kichwa hii mawazo ati kuna mfuko mmoja mahali, mnaenda kama kikundi mnasema sisi tumeungana tunataka kufunza watu, mnaandikiwa cheki. Hiyo cheki tuliitafuta miezi minne. Kuna milango mitatu na kila mlango uko na mtu wake. Pesa ya levi ya mafunzo, ile ada sheria inamlazimu mwajiri kulipa, inarudishwa kwa mwajiri, mwajiri peke yake. Pesa ya kaunti inaenda kwa chuo cha ufundi. Pesa ya miradi ya vijana inamfuata kijana mwenyewe kwa kitambulisho chake. Kuungana maana yake ni kila mtu agonge mlango wake, kwa wakati mmoja, halafu vile kila mtu amepata vikutane kwa karakana moja. Tulipoelewa hiyo ndio kazi ilianza kutembea.

Hatua ya 1: Andikeni ni nini hasa inawashinda

Si kusema tu "tunataka mafunzo ya ufundi". Hakuna ofisa atasumbuka na hiyo.

Sisi shida yetu ilikuwa hivi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu la zaidi ya miaka 8, kwa hivyo kila mwaka yanayoshuka Mombasa ni mapya kidogo kuliko ya mwaka uliopita na yana kompyuta nyingi zaidi, na fundi aliyekulia kwa kabureta anafungua boneti anakuta waya na plastiki. Mteja anakuja na Toyota Aqua, taa ya enjini imewaka, unamzungusha zungusha, mwishowe unamwelekeza kwa jamaa mwenye mashine na pesa imeenda hivyo ukiangalia.

Tukaweka daftari kwa kila garaji, mwezi mmoja mzima. Kila gari iliyotushinda inaandikwa: aina ya gari, shida, na pesa tuliyopoteza. Namba ya gari na jina la mteja hatukuandika, hiyo ni siri ya mtu. Garaji sita, mwezi mmoja, na hiyo daftari ya shilingi ishirini ndio imetufungulia ofisi nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika na kingereza kigumu. Fundi nguo aandike mashati ya shule aliyokataa juu hana mashine ya kushona vifungo, wa kuchomelea aandike tenda za aluminiamu zilizompita. Hesabu yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Malizeni ile hofu ya "nikimfunza ataenda kwa jirani"

Hapa ndio vikundi vingi vinafia, na vinafia kimya kimya, watu wanaacha tu kukuja mikutano. Mwenye garaji anakaa pale anatingisha kichwa ndio ndio, lakini roho inamwambia omera (ndugu yangu), huyu kijana nikishamlipia wiki nzima bila kazi, mwezi ujao ako kwa mshindani wangu hapo Kondele anaongezwa mia mbili kwa siku.

Hofu ni ya kweli, msiicheke. Sisi tuliimaliza kwa njia tatu. Moja, garaji zote sita zinatoa mafundi wakati mmoja, kwa hivyo hata jirani yako ako na wa kwake aliyefunzwa, haraka ya kuiba wako inapungua. Mbili, kila garaji inatoa watu wanne, kusiwe na mmoja ametoa saba na mwingine ametoa mpwa wake tu. Tatu, tuliandika kabisa kwamba fundi akihama ndani ya mwaka mmoja kwenda kwa memba mwenzetu, yule memba anarudisha gharama ya yule fundi kwa aliyemtoa. Tulifika shilingi 3,000 kila kichwa, baada ya kubishana jioni mbili na soda kreti moja. Akihama kwenda Nairobi hiyo basi, Mungu ambariki.

Fundi mwenyewe hatukumfunga na chochote. Kuna mzee mmoja alitaka tushike vyeti vyao mpaka mwaka uishe, mi nikakataa, cheti ni cha mtu.

Haya makubaliano ni kurasa mbili, kila mtu anaweka sahihi na namba ya kitambulisho. Mwandike pia nani anatoa nafasi, nani anatoa gari la kufunzia (hii tulisahau mara ya kwanza, mkufunzi akafika hakuna gari), na nani analipa chakula.

Hatua ya 3: Karatasi za kikundi na za kila garaji

Hii nitapita haraka. Kikundi kinasajiliwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya ile sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya 2022, mnahitaji memba wasiopungua 10, katiba yenu, na minitsi za mkutano wa kuchagua viongozi. Halafu PIN ya kikundi kutoka KRA, mamlaka ya ushuru, na akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu.

Lakini kumbuka nilivyosema, kwa mlango wa levi kikundi hakihesabiki. Kila garaji lazima iwe na yake: kibali cha biashara cha kaunti, PIN, na rekodi za wafanyakazi. Kwetu garaji mbili hazikuwa na chochote, zilikuwa zinaishi kwa neema, na tulingoja wiki tano wajipange. Ukiwa na mtu kama huyo kwa kikundi anza na yeye, usianze na fomu.

Hatua ya 4: Mlango wa mwajiri, yaani levi ya NITA

Hapa ndio nyama iko, someni polepole.

NITA ni ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wazee wanaijua kwa jina la zamani DIT, ilibadilika baada ya sheria kurekebishwa 2011. Sheria inasema mwajiri alipe shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, hiyo ni 600 kwa mwaka. Hii 50 inatoka kwa mfuko wa mwajiri, ole wako uikate kwa mshahara wa fundi. Garaji zetu sita zenye watu kama 48 ni shilingi 28,800 kwa mwaka, tunalipa, na miaka yote hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kwamba mwajiri akifunza watu wake kwa utaratibu unaokubalika anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama kutoka kwa huo mfuko. Kampuni kubwa zinajua. Ziko na mtu wa kazi hiyo anakaa kwa ofisi yenye feni. Sisi tunadhani ni kodi tu kama zile zingine.

Sasa utaratibu, na hapa mpangilio ndio kila kitu:

Kwanza uwe umelipa levi yako yote, hakuna malimbikizo. Ukiwa na deni la miaka miwili nyuma lipa kwanza, hakuna mtu ataangalia fomu yako.

Pili, mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Usiulize kwa mdomo "umesajiliwa?", mwambie akuonyeshe cheti na uangalie tarehe. Sisi mara ya kwanza tulichukua mkufunzi mmoja mzuri sana, mikono ya dhahabu, akatuambia amesajiliwa, tukaamini kwa sababu anaongea vizuri. Hakuwa. Kituo cha NITA chenyewe kiko hapa Kisumu, vile vingine viko Nairobi, Athi River na Mombasa, kwa hivyo sisi wa magharibi hatuna sababu ya kubahatisha, unaingia tu unauliza.

Tatu, unaomba kibali KABLA ya mafunzo kuanza. Nimeandika na herufi kubwa na bado mtu atakuja kuniuliza. Unapeleka maombi yakiwa na jina la kozi, yatakayofunzwa, majina ya mafundi, mkufunzi, tarehe na gharama, unangoja ukubaliwe, halafu ndio mnaanza. Hii ndio ilituua mara ya kwanza. Tulifunza watu wiki nzima, tukapiga picha, tukakula, tukapeana mikono, halafu nikajaza fomu ya kudai nikitabasamu. Jibu lilikuja fupi, hamkuwa na kibali. Pesa yetu yote ikaenda hivyo na mwenyekiti hakunisalimia vizuri mpaka Krismasi.

Nne, kila garaji inajaza ya kwake. Darasa ni moja, mkufunzi ni mmoja, lakini invoisi igawanywe, kila garaji iwe na invoisi yake yenye jina lake na watu wake wanne. Mkiandikiwa invoisi moja ya kikundi mmejifunga wenyewe.

Na msitarajie kurudishiwa kila senti. Kuna viwango vyao, hawalipi tu kwa sababu wewe umetumia. Pangeni kana kwamba hakuna itakayorudi, ikirudi ni mbegu ya darasa lijalo.

Hatua ya 5: Mlango wa kaunti, na hii ni mambo ya kalenda

Vyuo vya ufundi vya mtaani, vile tunaviita politeknik za kijiji, katiba ya 2010 ilivipeleka kwa kaunti. Kwa hivyo ukitaka chuo kilicho karibu na wewe kiwe na mwalimu wa umeme wa magari ama mashine ya kuskani, hiyo si ya mbunge, ni ya kaunti, na dawa yake ni bajeti.

Mwaka wa pesa wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sasa angalia watu wetu wanaenda lini kuomba, wanaenda Juni, saa ile pesa imeshagawanywa na hata kalamu imekauka. Mkitaka kitu cha Julai mwaka ujao, anzeni kuongea Julai na Agosti mwaka huu. Ni karibu mwaka mzima mbele, najua, inachosha.

Vile mnaenda: anza na meneja wa chuo chenyewe, kaa naye, mwonyeshe ile daftari. Mara nyingi yeye pia amekuwa akiomba hiyo mashine miaka yote na hakuwa na ushahidi kwamba kuna waajiri wanaitaka, kwa hivyo mkiandika barua pamoja, chuo upande mmoja na garaji sita upande mwingine zikisema tutachukua wanafunzi wenu kwa mazoezi ya kazi, hiyo barua inakuwa na uzito. Halafu muende kile kikao cha maoni ya umma cha wodi. Mtu akisimama pale akasema "tunaomba serikali isaidie vijana wetu" anapigiwa makofi, inaandikwa, inasahauliwa. Wewe sema jina la chuo, jina la kozi, kitu kinachokosekana, bei yake, na mwaka gani. Na upeleke kwa maandishi nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa urudi nayo nyumbani. Kwetu MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, alishangaa kuona watu wamekuja na kotesheni tatu za mashine badala ya kuomba nauli ya kurudi.

Sisi kwa huu mlango hatujapata mashine bado. Tulichopata mapema ni karakana ya chuo bila kulipa na walimu wawili kukaa darasani na mafundi wetu, na wanafunzi kumi na wawili wa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, waliogawanywa kwa garaji zetu. Kwangu hiyo ni pesa, kukodi nafasi mjini si mchezo.

Nilisikia mtu akisema hii mambo ya kukaa meza moja na chuo ni ya watu wadogo. Aende aangalie ule mradi wa Benki ya Dunia wa EASTRIP, ulichukua Kisumu National Polytechnic kwa upande wa nguo na kituo cha mvuke huko Naivasha cha KenGen, ile kampuni ya kuzalisha stima, na hata hao wakubwa kazi yao ni kukaa na viwanda waulizane ni ujuzi gani unatakikana.

Hatua ya 6: Mlango wa vijana

Hapa wengi wanajua kidogo. Ulikuwepo KYEOP, mradi wa serikali na Benki ya Dunia ulioanza 2016 kwa kaunti 17, Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma zikiwemo, kijana anafunzwa miezi mitatu halafu miezi mitatu anafanya kazi, na wengine waliwekwa moja kwa moja chini ya fundi mahiri wa jua kali. Ndugu yake ni NYOTA ya sahii, ya vijana wa miaka 18 mpaka 29, na wenye ulemavu mpaka 35. Ina upande wa mafunzo kazini, upande wa kutambua ujuzi mtu aliopata bila kukanyaga darasa, na ruzuku ya 50,000 ya biashara. Maombi ya 2025 yalifanyika kwa simu, *254#, bure.

Vitu viwili. Moja, ile ruzuku ni ya biashara ya kijana, msiihesabu kwa bajeti yenu, nimeona kikundi kimeandika "mchango wa vijana 50,000 kila mmoja", jameni. Mbili, nafasi yenu wenye garaji ni kuwa wale wa kupokea kijana na kumfunza, kwa hivyo nafasi zikitangazwa tayari muwe na orodha ya garaji, kazi kila moja inafunza, na fundi gani ako na gredi ngapi.

Na hiyo ya gredi ni muhimu. Tredi testi ya NITA, yaani mtihani wa kupima ujuzi wa fundi, iko na gredi 3, 2 na 1, ya 1 ndio ya juu. Kuna mafundi hapa wamefunga enjini miaka ishirini na hawana karatasi hata moja, halafu kijana wa juzi mwenye gredi 3 anaandikwa kazi ya kampuni akiwaacha. Kwa ile wiki yetu tulitumia jioni mbili kuwaandaa wazee wetu kwa testi, na mzee mmoja wa miaka 54 alitetemeka kushika kalamu kuliko vile anatetemeka kushika gia boksi.

Hatua ya 7: Bajeti

Hii ndio yetu, siku tano, mafundi 24:

Mkufunzi siku 5 kwa 8,000, ni 40,000.
Chakula cha mchana watu 24 kwa 150, siku 5, ni 18,000.
Kukodi mashine mbili za kuskani, 10,000.
Karatasi na kutoa kopi, 2,500.
Jumla 70,500, kugawa kwa garaji sita ni 11,750 kila moja.

Mtu akiona 11,750 anaruka, lakini ile daftari ilikuwa inaonyesha garaji moja inapoteza zaidi ya hiyo kwa mwezi. Tulichanga kwa wiki nane kidogo kidogo kupitia mwekahazina. Stima ya karakana ilikuwa ya chuo.

Hatua ya 8: Rejista, risiti, na mama wa chakula

Kila siku asubuhi rejista inasainiwa na fundi mwenyewe, si mtu kusainia mwenzake, na siku ya mwisho mkufunzi anaweka sahihi yake chini. Picha zinasaidia, ziwe na tarehe. Vyeti, kopi.

Risiti ndio kizungumkuti. Tangu Januari 2024 KRA inataka matumizi ya biashara yawe na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wake wa invoisi za kielektroniki, na mama anayetuletea samaki na ugali hajui eTIMS ni mnyama gani. Tulikuwa karibu kumwacha twende kwa hoteli ya bei mara mbili. Kumbe iko njia ya mnunuzi kumtengenezea muuzaji mdogo hiyo invoisi kwa niaba yake, akiwa na PIN na akikubali. Kijana wetu mmoja alikaa naye dakika kumi na simu, ikaisha, na tuliendelea kula omena yake.

Madalali watakuja. Watasema wana mtu ndani, toa elfu tano faili isogee. Malipo ya serikali siku hizi yanaingia kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na ile peibil (namba ya kulipia kwa M-Pesa) 222222, ukipewa namba ya mtu binafsi jua umeingia mtegoni. Enda ofisi mwenyewe, uliza, andika jina la dawati na tarehe kwa daftari yako. Mimi nilienda mara saba, mara tatu kati ya hizo nilirudishwa juu ya sahihi iliyokosekana, makosa yalikuwa yangu.

Faili weka tatu, moja ya garaji, moja ya kikundi, moja nyumbani kwa mtu ambaye nyumba yake haivuji. Sisi ile ya kikundi ilinyeshewa Aprili, na kama si ile ya nyumbani kwa mwekahazina huko Manyatta, madai ya garaji mbili yangekuwa yameisha hapo. Ya mwaka ujao tunaanza kujaza Agosti, na safari hii tunataka watu wa kuchomelea waingie na sisi kwa karakana moja, darasa lao asubuhi na letu mchana, mkufunzi wao tumeshaangalia cheti chake na tarehe bado haijaisha.